Vuli ya Hamburg na Begi la Mtu wa Tanga

Mtu wa Tanga akiambiwa safari yake itaangukia majira ya vuli, anaelewa mvua. Kwetu vuli ni Oktoba hadi Desemba: upepo unageuka kutoka kusi kuja kaskazi, jasho linakutiririka hata ukiwa umekaa barazani, na mvua ikikunyeshea ukiwa Barabara ya 12, ukifika nyumbani nguo imeshaanza kukauka mwilini. Vitabu vya shule vimelichukua neno hilohilo kutajia majira ya Ulaya ambayo majani hupukutika, Septemba hadi Novemba. Msafiri anasikia "vuli", anatia begini mwavuli na makubadhi, anaondoka.

Mimi niliondoka hivyo. Nilikwenda Hamburg mwezi wa Oktoba kumtazama dada yangu aliyejifungua, nikiwa na madera yangu na koti moja zito la kuazima ambalo kila aliyeliona alisema limenitosha. Siku ya tatu mvua ya rasharasha ilinikuta njiani, koti likanywa maji hadi bitana, na halikukauka kwa siku tatu. Sikuwa na lingine. Nilikaa ndani nikimwangalia mtoto na dirisha. Tangu hapo kila anayepata safari mtaani kwetu Ngamiani anapitia kwangu kabla hajafunga begi, nami namwambia haya. Nimeyasemea Hamburg kwa sababu ndiko nilikokujua, lakini anayekwenda Bremen, Amsterdam au London atayatumia bila kubadilisha sana.

Hatua ya kwanza: ifahamu baridi kabla ya kuinunulia nguo

Oktoba Hamburg mchana hufikia wastani wa nyuzijoto 13 hivi, usiku hushuka hadi 6 au 7. Ikifika Novemba, mchana wenyewe ni kama 8. Tanga mwezi huohuo wa Oktoba mchana unakaribia 30, na usiku ni nadra kushuka chini ya 20. Namba hizo zinatisha, ila si zenyewe zinazoumiza zaidi.

Kumbuka ulipokuwa mtoto, ukioga bahari Raskazone wakati wa kusi. Majini ulikuwa salama. Ukatoka, upepo ukakupiga mwili ukiwa bado umelowa, meno yakaanza kugongana, na hewa ilikuwa ya nyuzijoto 26. Maji yanapokauka mwilini yanaondoka na joto lako, na upepo unayaharakisha. Hamburg ni mji wa bandari kando ya mto Elbe, na upepo wa magharibi unaingia kutoka Bahari ya Kaskazini bila mlima wa kuuzuia. Mvua yake mara nyingi ni nyembamba, inakuja ya ubavuni, inakoma, inarudi. Kwa hiyo unayejikinga naye kwanza ni unyevu, wa pili ni upepo, baridi yenyewe inafuata nyuma. Mtu mkavu asiyepitiwa na upepo huvumilia nyuzijoto 8 vizuri kabisa. Aliyelowa hutetemeka hata kwenye 15.

Jambo la pili la kulielewa ni kugeuka. Asubuhi unaamka ni nyuzijoto 5 na ukungu. Saa sita mchana jua linatoka, inafika 14, unaona watu wamekaa nje wanakunywa kahawa. Saa tisa wingu limeshuka na upepo umeamka. Lile neno letu la "waja leo, waondoka leo" linalifaa sana jua la kule. Halafu ongeza majumba: dukani, kwenye treni na nyumbani kuna mitambo ya joto, ndani ni nyuzijoto 20 na ushei. Kwa siku moja utaingia na kutoka katika joto na baridi mara kumi.

Ndiyo sababu koti moja zito ni kosa, hata kama ni zuri. Ndani ya treni utatoka jasho chini yake, na jasho ni maji. Ukishuka kituoni, upepo unakukuta umelowa kwa ndani, na unarudi kule kule kwa yule mtoto wa Raskazone.

Hatua ya pili: vaa kama kitunguu

Wajerumani wenyewe wanasema hivyo, kwamba vuli huvaliwa kama kitunguu, ganda juu ya ganda. Kinachotia joto ni ile hewa iliyotulia kati ya ganda na ganda. Nguo mbili nyembamba zina hewa katikati, nguo moja nene ya uzito uleule haina. Na ganda unaweza kulimenya ukiingia treni na kulirudisha ukitoka.

Ganda la ndani linagusa ngozi, na kazi yake ni kuondoa jasho. Hapa usitumie pamba. Najua pamba ndiyo tunayoisifu huku kwetu, na kwa joto letu ni haki yake, lakini pamba hushika maji na kuyakalia. Tafuta fulana nyembamba ya mikono mirefu ya poliesta, ya aina wanayovaa watu wa mazoezi, au ya sufu laini ukibahatika. Ukikosa kabisa, jezi ya Coastal Union iliyomo kabatini itafanya kazi hiyo vizuri kuliko fulana yako mpya ya pamba. Chini, skintaiti kwa wanawake; wanaume nao wavae taitsi ndani ya suruali siku za upepo. Hakuna atakayeiona.

Ganda la kati linatunza joto: sweta la sufu, au yale majaketi laini yenye manyoyamanyoya ndani na nje. Beba mawili, moja jepesi na moja lililoshiba, ili siku ya baridi kali uyavae yote. Chagua lenye vifungo au zipu mbele, maana sweta la kuvulia kichwani linasumbua kwenye treni iliyojaa, na kwa aliyejifunga ushungi linasumbua zaidi. Kizibao cha sufu, kile cha kuvalia kanzu, ni hazina. Kinatia joto kifuani na mgongoni, kinaiacha mikono huru, na begini hakichukui nafasi.

Ganda la nje halihitaji unene. Linahitaji kuzuia maji na upepo, liwe na kofia yake, lifunike makalio, na liwe kubwa kiasi cha kuvalika juu ya masweta yote mawili. Ukilijaribu dukani ukiwa na fulana tu na likakukaa sawasawa, hilo ni dogo.

Hatua ya tatu: nunua hapa hapa, kwa jicho la fundi

Usingoje kununua kule. Kwanza utafika umevaa nini? Pili, nguo nyingi za baridi za watu wa kule zinatufikia sisi ndani ya belo za mitumba, na Tanga hazina wanunuzi wengi. Anayefungua belo la majaketi hapa mjini anataka yaondoke. Wenye kuzijua zaidi ni wafanyabiashara wa Lushoto, kwa sababu wateja wao wanazivaa kweli. Uchague asubuhi mapema, siku belo linapofunguliwa, na usiione aibu kuligeuzageuza koti. Mimi hulikagua hivi.

Nalipindua nje ndani. Koti la mvua la kweli lina utepe uliogandishwa juu ya kila mshono, kwa sababu sindano imeacha matundu na maji hupita humo. Utepe ukiwa unabanduka, au ule utando wa ndani ukimwaga unga mweupe kama ngozi iliyopauka, koti hilo limekwisha kazi hata kama nje linang'aa.

Nanyunyizia matone ya maji begani. Yakisimama kama shanga na kuporomoka, vizuri. Yakitanda na kuingia, hilo ni koti la kiangazi.

Nalikaza kitambaa mdomoni na kupuliza. Pumzi ikipita upande wa pili, na upepo wa Elbe utapita.

Zipu naipandisha na kuishusha mara tano. Zipu mbovu fundi wa Ngamiani ataibadilisha, lakini zipu ya koti la mvua ikibadilishwa vibaya inakuwa mlango wa maji, kwa hiyo bora upate nzima.

Mwisho nasoma lebo, na hapa watu wengi hukosea. Pakiandikwa "wool" au "Wolle", hiyo ni sufu. Pakiandikwa "cotton" au "Baumwolle", hiyo ni pamba. Ndani ya "Baumwolle" mna "Wolle", na mtu mwenye haraka huchukua sweta la pamba akidhani amepata sufu. Sufu ina sifa isiyo na mbadala: hata ikipata unyevu bado inatia joto. "Daunen" ni manyoya laini ya bata. Koti lake ni jepesi kama mto na lina joto sana, lakini likilowa manyoya hushikana na joto lote huondoka. Kwa mji wa mvua kama Hamburg, hilo likae chini ya koti la mvua au libaki sokoni.

Ukishanunua, fua. Sufu ifuliwe kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, usiikamue kwa kuisokota, kisha itandaze kivulini ikauke ikiwa imelala. Ukiiloweka maji ya moto na kuisugua itajikunja, na sweta lako litamtosha mtoto wa darasa la pili.

Hatua ya nne: miguu

Raba za kitambaa hapana. Barabara za kule wakati huo zimefunikwa majani yaliyolowa, yanateleza kama ganda la embe, na maji yamesimama kila ukingo. Unataka kiatu cha ngozi au cha kitambaa kisichopitisha maji, kinachofunika kifundo, chenye soli ya kushika. Kijaribu ukiwa umevaa soksi nene. Kiatu kinachobana mguu kinazuia damu kutembea, na vidole huwa vya kwanza kuganda.

Buti za mtumba zina hatari moja ambayo sharti niiseme. Soli za aina fulani ya plastiki laini hujioza zenyewe zikikaa miaka stoo, hata kama kiatu hakijavaliwa, na joto na unyevu wa pwani yetu huziharakisha. Kwa macho ni nzima. Siku ya pili ya safari inamegeka kama mkate. Kwa hiyo ikunje soli kwa mikono miwili, ichome kwa ukucha, na ukishainunua ivae wiki nzima hapa, uende nayo sokoni na urudi. Ikivunjikia Makorora umepoteza pesa kidogo, kuliko ikivunjikia ugenini kwenye mvua.

Soksi jozi sita, na angalau tatu ziwe za sufu. Beba pia ndala. Majumbani mwa Wajerumani viatu huvuliwa mlangoni kama kwetu, na sakafu si joto kama ya kwetu.

Hatua ya tano: mavazi yetu yasiachwe nyumbani

Kuna wanaodhani kwenda Ulaya ni kuacha baibui na kanga, wakavae wasivyozoea. Hapana. Mavazi ya pwani yanaingia katika kitunguu vizuri sana, ukijua pa kuyaweka.

Baibui la poliesta ni jepesi na hukauka haraka, kwa hiyo ndani yake vaa fulana ya mikono mirefu na skintaiti, juu yake sweta, kisha koti. Tatizo lake ni pindo. Likiburura chini linanyonya maji ya barabarani na kuyapandisha hadi magotini. Mpelekee fundi alipandishe vidole vitatu, na upana wa chini aupunguze kidogo ili upepo usilijaze. Dera ni la ndani ya nyumba tu. La nje litakutia homa. Ushungi ni faida kuliko wengi wanavyojua, kwani shingo na masikio vimeshakingwa. Beba mmoja wa kitambaa kizito kwa ajili ya nje na wa kitambaa laini cha kuvutika kwa ndani.

Kanga chukua doti moja, isiyokatwa. Ndege ikiwa na baridi ni shuka, kituoni ni ya kuswalia, mvua ikikushtukiza ni ya kukaushia kichwa, na mtoto mchanga akiwepo, hapo tena sina la kueleza. Mwanamume achukue kikoi. Ukikikunja mara mbili na kukizungusha shingoni ni skafu kamili, nzito na laini.

Mwenye kuswali azingatie udhu. Kuosha miguu halafu kuitia kwenye soksi ikiwa mibichi ni kujitafutia baridi ya siku nzima. Weka taulo ndogo kwenye mkoba wa mkononi, kausha hata kati ya vidole, ndipo uvae. Msafiri pia ameruhusiwa kupaka maji juu ya soksi za ngozi kwa masharti yake. Muulize sheikh wako kabla ya safari ujue unafanyaje.

Kofia ya sufu na glavu ni lazima, hata kama unaona ni mambo ya kitoto. Mwavuli beba ule mfupi wa kukunja, ila usiutegemee, upepo wa bandarini unaupindua kwa dakika moja. Kofia ya koti ndiyo mwavuli wako.

Neno kuhusu giza. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zao hurudishwa nyuma kwa saa moja. Kuanzia siku hiyo jua la Hamburg huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mwishoni mwa Novemba ni saa kumi na dakika chache. Sisi tumezoea kuliona likizama saa kumi na mbili na robo hivi. Makoti mengi ni meusi, baibui ni jeusi, na madereva hawakuoni. Mshonee mtoto, na ujishonee mwenyewe, utepe unaong'aa kwenye mkono wa koti, ule wanaovaa bodaboda.

Hatua ya sita: jaribu Lushoto

Kama una siku mbili kabla ya safari, usikae nazo mjini. Panda basi, pita Muheza, Segera na Korogwe, shuka Mombo, kisha panda ile barabara ya kona hadi Soni na Lushoto. Ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Vaa maganda yako yote, toka nje saa mbili usiku, utembee nusu saa, uingie ndani, umenye, utoke tena. Baridi yake haifikii ya Hamburg ya Novemba, lakini utagundua mambo ambayo kioo cha chumbani hakikwambii: mkono wa koti ni mfupi, kofia inaangukia machoni, sweta linawasha shingo. Pale bado unaweza kubadilisha, na soko lenye masweta liko mlangoni.

Hatua ya saba: kufunga begi

Kwa siku kumi hivi za mjini: fulana za ndani za mikono mirefu tatu, fulana za kawaida tatu, masweta mawili, kizibao, koti la mvua, suruali au sketi nzito mbili, skintaiti au taitsi mbili, soksi jozi sita, nguo za ndani saba, viatu jozi mbili na ndala, na vile vidogo vya kichwani, shingoni na mikononi. Viatu jozi mbili ni kwa sababu kilicholowa leo hakivaliki kesho. Kijaze karatasi za gazeti usiku, ukiweke mbali kidogo na mtambo wa joto, ngozi isipasuke. Jinzi beba moja tu au uiache, kwa kuwa ni pamba nene na ikilowa haikauki leo wala kesho. Rangi zioane, ili kila sweta liende na kila sketi.

Zungusha nguo kama mkeka badala ya kuzikunja, masweta yakae chini, koti la mvua juu kabisa. Mafuta ya nazi yasiwe kwenye chupa ya mdomo mwembamba, maana yakishuka chini ya nyuzijoto 24 hivi yanaganda na hutayatoa. Yaweke kwenye kikopo cha mdomo mpana. Ngozi na midomo vitayahitaji kila siku.

Siku ya kuondoka usivae koti kwenye basi la kwenda Dar es Salaam. Vaa ganda la ndani na nguo nyepesi, viatu vizito viwe miguuni ili visile uzito wa begi, koti na sweta moja uvishike mkononi. Kwenye mkoba wa mkononi weka badiliko moja kamili: fulana, nguo za ndani, soksi za sufu, kofia. Begi kubwa linaweza kuchelewa siku moja au mbili, na baridi haichelewi. Ukipitia Addis Ababa usiku, mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, utalihitaji hilo sweta kabla hata hujafika Ulaya.

Siku tatu kabla ya kuondoka angalia utabiri wa Hamburg. Usitazame joto la mchana peke yake. Tazama la chini kabisa, mwendo wa upepo, na mvua. Ukiona inatabiriwa dhoruba, jua kwamba soko la samaki la kule, lililo kando ya mto, hufunikwa na maji nyakati kama hizo, basi panga kukaa mbali na ukingo.

Ukirudi, usiliache koti begini. Lifue, lianike kivulini, masweta yawekee majani ya mwarobaini makavu dhidi ya nondo, uyafunge kwenye mfuko usioingiza unyevu. Langu la mvua limeshakwenda safari nyingine mbili bila mimi, na wiki hii liko kwa kijana wa jirani anayeondoka Jumanne. Bado namdai zipu ya mfuko wa kushoto aitie nta.